Tinga na Utitiri wa Bamdogo

Enzi zetu kule Litapunga mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea, alikitafuta mwenyewe. Mimi na dada yangu Kabula tulimpata wetu kwenye lundo la samadi nyuma ya zizi, mvua za kwanza ziliponyesha: mbawakawa mweusi, mwenye pembe, mzito kama betri ya redio. Tukamwita Tinga. Alikaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia tulilolitoboa kwa msumari, akilalia udongo na majani yaliyooza, akila ndizi mbivu. Tukitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, tunaenda kumshika atukwaruze viganja kwa miguu yake.

Siku moja Kabula akaona vidudu vidogo vya kahawia vimejazana shingoni na kwapani mwa Tinga, vinatembea. Utitiri! Tinga alikuwa amelegea, hali kitu.

Mama hakutucheka. "Mmemlaza kwenye uchafu halafu mnashangaa? Maganda ya juzi bado yamo, na udongo umelowa chapachapa."

Tukamwaga vyote mbali. Kopo tukalisuuza kwa maji ya moto na kulianika juani. Udongo mpya tukaukaanga kwenye kikaango kibovu mpaka ukafuka moshi, ukapoa, tukaunyunyizia maji kidogo tu. Kabula akamshika Tinga, mimi nikampangusa kwa unyoya wa kuku, mguu kwa mguu. Kila jioni tulimwekea kipande cha ndizi. Asubuhi kimejaa utitiri, tunakitupa motoni. Siku ya tano akaanza kula. Tulirukaruka kama wendawazimu.

Wiki hiyohiyo kuku wa bamdogo, mdogo wake baba, wakaanza kujikuna na kunyonyoka manyoya. Banda lake halikuguswa na ufagio tangu kiangazi, lakini hakulitazama. Alikuja moja kwa moja kwenye kopo letu.

"Nyie ndo mmeniletea utitiri!"

"Bamdogo, huu wa Tinga ni mwingine, hauendi kwa kuku," Kabula akamwambia. "Halafu tumeshausafisha."

"Mtoto wa darasa la nne unanifundisha ufugaji?"

Akachukua dawa ya kupulizia tumbaku, akaimimina ndani ya kopo mbele ya macho yetu. Tinga akageuka chali, akarusharusha miguu, akatulia. Hasira ile ninayo mpaka leo, mimi mtu mzima mwenye duka Mpanda mjini.

Na kuku je? Waliendelea kujikuna! Mama ndiye aliyeingia bandani na kupangua vichanja. Utitiri ulikuwa umejaa kwenye nyufa za miti kama vumbi la pilipili. Bamdogo akafagia, akachoma majani ya kulalia, akapaka majivu kila ufa. Kuku wakapona. Sisi tukasubiri neno moja tu, na halikuja. Mtu mzima wa siku zile hakumwomba mtoto radhi. Alikuletea andazi, ukatakiwa uelewe. Kabula alilikataa andazi lake, akaambiwa ana jeuri. Jeuri! Aliyeua ni nani?

Watoto wa leo mnawajua. Juzi mbawakawa aliingia sebuleni kwangu. Mwanangu wa kidato cha pili, mrefu kunishinda, akapanda juu ya kochi na simu yake: "Mama, spreyi! Spreyi!" Lakini huyohuyo nikimsingizia kwamba kapoteza chaja, anasimama wima: "Mama, hujaniomba msamaha." Na ninamwomba, maana uchungu wa kusingiziwa naujua. Sisi hatukupata wa kutuomba samahani, ila tulikuwa na mdudu wetu wa kumlilia. Wao samahani wanaipata.

Nilimchukua yule mdudu kiganjani nikatoka naye nje. Akanikwaruza, nikacheka peke yangu. Nikageuka nimwite mwanangu aje angalau amguse. Alikuwa ameshafunga mlango.