Kamwene ya Mteremkoni: Kwa Baiskeli Hadi Isimila

Sababu ya kuondoka Mbalizi nitaisema wazi, maana majirani niliwaambia nyingine. Wao niliwaambia naenda Iringa kupunga upepo na kuendesha baiskeli kwenye korongo la Isimila. Ukweli ni kwamba mwanangu Ezekieli alikuwa amepata mchumba, Neema, binti wa Tanangozi, na Jumamosi wazee wetu walikuwa waende kuposa. Mimi mama mtu nitulie nyumbani nisubiri kuletewa habari? Thubutu!

Wifi yangu Mama Josefu, mdogo wake mume wangu, ameolewa hukohuko Tanangozi. Alinipigia simu huku akicheka: "Wifi, njoo mapema. Nyumba yao ipo kwenye njia ya vumbi ya kwenda Isimila. Tutapita kama watu waendao zao, tunatazama kwa macho tu." Ningekataaje?

Jambo moja mlijue. Baiskeli nimejifunza mwaka huu, na utu uzima huu, pale uwanjani Mbalizi, mume wangu akinishikia siti kwa nyuma. Utotoni tuliambiwa baiskeli ni ya wavulana. Sasa kuendesha naendesha, tena vizuri! Mtihani ni kupanda na kushuka. Kupanda natafuta jiwe au kichuguu cha kukanyagia. Kushuka, mara nyingi tunashuka wote wawili, mimi na baiskeli.

Jumanne asubuhi basi likaondoka. Uyole ukungu, Chimala joto, Makambako upepo mpaka abiria wote tukajifunika vitenge, wanaume kwa wanawake. Mafinga ikapita na misonobari yake. Nilikuwa nacheka peke yangu dirishani, jirani yangu wa siti akaniuliza kama naenda harusini. Nikamwambia bado, lakini harufu ya pilau naisikia.

Tanangozi wifi alinipokea kwa vigelegele barabarani kabisa, mzigo wangu akautupa kichwani kwake, tukaenda tunasukumana kama wasichana. Baada ya kula ndipo akawa mtu wa makini.

"Sikiliza, wifi. Huku mzee hasalimiwi na mtu aliye juu ya baiskeli. Unashuka, unasimama, unasalimia 'Kamwene', salamu ya huku, unaitikiwa, ndipo unaondoka. Ukimsalimia unapita, umemtupia salamu kama mfupa."

"Hata kwetu ni hivyo."

"Basi vizuri. Babu yake Neema hushinda nje, na ndiye msemaji wa ukoo. Akikunja uso yeye, posa hakuna. Wakwe wengine walishawahi kurudishwa na nauli zao."

Usiku huo nilishindwa kumwambia wifi kwamba kushuka sijui. Kwenye simu nilikuwa nimejisifu mno.

Jumatano, umande ukiwa haujakauka, tuliondoka na baiskeli mbili alizoazima wifi. Nilivaa suruali ya mazoezi, juu yake kitenge, na nikapandia kwenye jiwe la kufulia nikisingizia goti. Jamani, raha ile! Majani yamekauka mpaka yamekuwa rangi ya mahindi, vumbi jekundu, miti ya miiba imesimama mmojammoja, mbingu haina hata wingu. Njia tambarare, upepo unatusukuma. Nikaimba pambio la kwaya, wifi akapokea sauti ya pili, mbuzi wakatukimbia. Nilijiona nina miaka kumi na miwili, na safari hii hakuna wa kunikataza.

Baada ya kona kukawa na mteremko, na chini ya mteremko nyumba ya bati yenye ua wa michongoma. Wifi alikuwa mbele. Nikamwona anashuka kwa adabu zake zote, anainamisha kichwa. Mbele yake mzee ameketi kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe.

Breki nilikuwa nazo, nisisingizie. Lakini kichwani ilinijia picha moja tu: mimi chali miguuni pa mkwe, suruali nje, baiskeli juu yangu. Mikono ikakataa kubana. Nikawapita wote wawili kama mwizi wa kuku, kitenge kinapepea, kengele inalia yenyewe, na mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia, ukapaza: "Kamweneee, babuuu!"

Nilisimamishwa na kichaka huko mbele. Wifi alinifikia anahema, sijui kwa hasira au kwa kicheko.

"Umempita mzee wa watu! Juu ya baiskeli!"

"Kushuka sijui, wifi."

"Hujui nini?" Akakaa chini vumbini. Nilipomweleza akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akajifuta macho. "Ameniuliza wewe ni nani. Nikamwambia ni mama yake Ezekieli. Ningemdanganyaje mzee?"

"Akasemaje?"

"Aliendelea kutazama vumbi lako."

Mwanangu! Kijana ametafuta, amepata, na mimi nimempitia juu ya posa yake kwa magurudumu mawili.

Isimila tulifika jua likianza kuchoma. Nilidhani mtu mwenye hofu hawezi kufurahi, kumbe anaweza vyote kwa pamoja. Tuliendesha taratibu ukingoni, na chini yetu korongo limejaa nguzo za udongo na mchanga, ndefu kuliko mnara wa kanisa letu, nyekundu kwa rangi ya ugoro, nyingine zimevaa jiwe kichwani kama kofia. Maji na upepo ndivyo vilivyozichonga, alisema mama anayetembeza wageni, na akatuonyesha mashoka ya mawe ya watu wa kale. Tukashuka chini kwa miguu tukisukuma baiskeli, mchanga mkavu unatiririka viatuni. Nikaita jina la Ezekieli, korongo likaniitikia. Nikaita tena na tena, nikicheka, machozi yananitoka.

"Jifiche humu," wifi akanitania. "Jumamosi nitawaambia umegeuka nguzo."

Saa ya kurudi akanionyesha njia nyingine: kupanda hadi lami, tuzunguke, nyumba ile tusiione. Nilitamani, sitaficha. Nikamuuliza, "Tukizunguka, Jumamosi atakayejibu ni nani?" Akageuza baiskeli yake, tukarudi na njia ileile.

Mbali kabisa na ule ua nilikwishashuka, au tuseme nilikwishaanguka, nikajikung'uta, nikasukuma baiskeli. Mzee alikuwa palepale na mpini wake. Nikailaza baiskeli chini nikapiga magoti kwenye vumbi, kama tulivyofundishwa kwetu Unyakyusani mbele ya mkubwa. Kabla sijafungua mdomo akasema kwa sauti nzito:

"Kamwene."

Nikababaika. Mzee kunianza mimi?

"Hilo ni jibu la asubuhi," akasema. "Uliacha salamu hapa ukakimbia kabla sijaitika. Nimekaa nayo mpaka sasa, hata kwenye ugali sikwenda. Nikasema mwenyewe atarudi kuchukua jibu lake. Haya, sasa anza ya mchana."

Nikaanza ya mchana. Akauliza za Mbeya, za mume, za watoto, za mvua, za mashamba, moja baada ya nyingine bila haraka, nami nikajibu zote nikiwa magotini. Mwishoni nikamwambia ukweli: "Babu, haikuwa dharau. Kushuka sijui." Akanitazama, akaitazama baiskeli, mabega yake yakaanza kutikisika. Lakini la posa hakuligusa. Aliniambia niende salama tu, akarudia mpini wake.

Siku mbili zile sikulala. Jumamosi wazee wetu walifika kutoka Mbalizi; wanaume wakaingia sebuleni kwa babu, sisi wanawake tukabaki uani, masikio dirishani. Mshenga wetu, mtu wa maneno mengi, akakohoa: "Wazee wetu, sisi ni wapita njia, tumekuja kubisha hodi..."

Babu akamkatiza.

"Hodi ilishabishwa Jumatano, na mama mtu, kwa magoti. Na tulishaitikia. Nyinyi semeni la pili."

Vigelegele nilivyopiga, wifi alinifunga mdomo kwa kitenge chake. Nikachomoka nikapiga vingine.

Basi la kurudi Mbeya niliimba mpaka Igawa. Mnaoniuliza nimejifunza nini huko, Isimila nendeni, ni pazuri na njia ni rahisi hata kwa mwanagenzi kama mimi. Na ukimkosea mtu njiani usizungukie lami, rudi ulikopita. Pengine amekaa na jibu lako anakungoja.