Siku Dijei Salumu Alipokuwa Daktari

Mpaka leo nikipita soko la Tunduma kuna vijana wananiita "Stelingi", na mgeni akisikia anadhani nasifiwa, kwamba labda niliwahi kuigiza filamu nikawa mhusika mkuu. Sikuigiza chochote. Niliaibika mbele ya ukumbi mzima nikiwa nimevaa kitenge kipya, na kwa kuwa walioniona ni wengi kuliko ninaoweza kuwakwepa, acheni niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa kuongeza chumvi.

Mimi ni Neema, nafundisha masomo ya habari katika chuo kimoja kidogo hapa mjini, na ugonjwa wangu ni mmoja: sijui kusubiri. Chai ikichelewa kuchemka nakunywa hivyohivyo na majani yanaelea. Foleni ya malori ya kwenda Zambia ikiziba barabara (na huziba kila siku ya Mungu) mimi nashuka kwenye gari natembea kwa miguu, hata kama ninakokwenda ni mbali na mvua inanyesha. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejipa kazi ya kufufua jarida la kitaaluma.

Jarida lenyewe lilikuwa la filamu na vyombo vya habari. Alilianzisha mwalimu wangu wa chuo kikuu, Profesa Mwazembe, likatoka miaka kadhaa, likafa. Alipostaafu akarudi kwao Igamba kulima kahawa, na nakala zote za zamani, pamoja na barua za waandishi na muhuri, akazifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilimfuata mara nne kumwomba. Mara ya nne akakubali, huku akihesabu masharti kwa vidole: "Makala tano, mama, si nne. Kila moja isomwe na watu wawili wasiojua aliyeiandika. Na mhariri haandiki kwenye jarida lake mwenyewe. Ukitimiza, siku ya uzinduzi nakukabidhi sanduku na jina." Mkuu wa chuo chetu naye alishasema kwamba bila baraka ya Profesa chuo hakilipokei jarida, kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye lile sanduku.

Makala nne nilizipata kwa kusumbua watu. Ya tano alikuwa nayo rafiki yangu mmoja wa Dodoma, ambaye kila nikimpigia anasema "Neema dada, nimebakiza hitimisho tu", na hilo hitimisho likawa haliishi, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mimi huku nazunguka nyumba, nafuta meza iliyo safi, nafungua barua pepe, nafunga, nafungua tena, mpaka mume wangu akaanza kwenda kusomea gazeti lake kwa jirani. Jumamosi moja nikashindwa. Nikakaa nikaiandika makala ya tano mwenyewe.

Niliandika juu ya Salumu Juma, mtu wa Kondoa aliyekuja Tunduma na biashara ya nguo, sasa ana kibanda umiza nyuma ya maegesho ya malori, pale madereva wanapopumzika wakisubiri kuvuka mpaka. Anawaonyesha filamu za nje, sauti anaizima, anashika kipaza sauti anasimulia yeye kwa Kiswahili: anakuwa jambazi, anakuwa mama mkwe wa jambazi, anakuwa mpaka mbwa. Wenyewe wanamwita Dijei Salumu. Nilikuwa nimekaa naye sana, kanieleza kazi yake yote tukinywa chai, na nusu ya makala ilikuwa maneno yake. Sasa mhariri haruhusiwi kuandika, si ndiyo? Basi pale penye jina la mwandishi nikaweka S. Juma. Nikajiambia si uongo kabisa, kwani maneno si yake? Halafu nikaona S. Juma limekaa kinyonge, nikaliongezea Dkt. mbele (herufi tatu tu, na ndizo zilizoniua).

Makala nikaituma kwa wasomaji wawili bila jina, mmoja wao Profesa mwenyewe, maana nani mwingine angeisoma haraka? Baada ya siku mbili akanijibu: "Hii inazizidi zote. Aliyeiandika ningependa nimshike mkono." Nilifurahi, nikaona aibu, nikafurahi tena, nikapeleka jarida kiwandani likachapwe.

Asubuhi ya uzinduzi simu ikaita. Alikuwa Profesa, yuko njiani kutoka Igamba, ana nakala mkononi. "Mama, kumbe Dokta Juma anaishi hapohapo Tunduma! Mkalishe mbele, karibu na mimi." Ningesema ukweli dakika ile, mambo yangeishia kwenye simu. Badala yake nikasema, "Bila shaka, Profesa," nikakata, nikadandia bodaboda, tukapenya katikati ya malori mpaka kibandani. Salumu alikuwa anafagia.

"Kaka Salumu, leo naomba uwe daktari."

"Daktari wa nini, Mwalimu? Mimi nikiona damu naanguka."

"Wa filamu. Unakaa tu. Ukisalimiwa unatabasamu, ukiulizwa unaitikia kwa kichwa."

"Nisiongee?"

"Usiongee kabisa."

Akaegemea fagio akanitazama kwa huruma. "Hapo umenipa mtihani, Mwalimu. Lakini kwa ajili yako nitajaribu."

Nikamvika koti la mume wangu, mikono ya koti ikameza vidole vyake vyote, na saa nne tulikuwa ukumbini. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Sala ikasaliwa, Mkuu akatoa salamu, sanduku la bati likawekwa mezani limefunikwa kitambaa cheupe, Profesa akamshika Salumu mkono akautikisa bila kuuachia, na Salumu akatabasamu mpaka nikaanza kuogopa kwamba mashavu yatampasuka. Mimi nilikuwa sikai, naenda mlangoni, narudi, nanyoosha kitambaa kilichonyooka.

Kisha tukaonyesha kipande cha filamu ya kigeni, pambo tu nililoliweka kwenye ratiba. Picha ikaja, sauti ya filamu ikagoma. Fundi akachomoa waya, akachomeka, akachomoa, akaniomba dakika tano. Dakika tano! Nikatangaza, "Tutazame hivyohivyo, sauti itatukuta mbele." Watu wakakodolea midomo inayofunguka bila neno, na mimi nikaona goti la Salumu linaanza kucheza. Kwenye picha mwanamume mwenye kofia akaingia chumbani kwa mwanamke. Salumu akajishika goti. Mwanamke akageuka.

"Eeeh, wazee wangu! Jamaa kaingia, kofia hajavua, adabu hana! Mama anamuuliza, wewe, umeshinda wapi na nyumba haina unga?"

Ukumbi ulilipuka. Wanafunzi wangu wakasimama kwenye viti wakiimba "Dijei Salumu! Dijei Salumu!", na mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kutupikia akatoka jikoni na mwiko akipiga kelele "Mayo! Mayo!", yaani mama yangu kwa lugha ya kwao. Mkuu wa chuo akaniinamia sikioni. "Mwalimu Neema, huyu si yule wa kibanda umiza?"

"Ni utafiti shirikishi, Mkuu," nikasema (sijui nililitoa wapi). "Mtafiti anaishi maisha ya anaowatafiti."

Mkuu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, na ningepona, wallahi ningepona, kama Profesa asingefurahi kupita kiasi. Alisimama, macho yanamng'aa, akaomba kimya.

"Dokta, ukurasa wako wa pili unasema msimulizi hatafsiri maneno, anatafsiri nyuso. Tueleze ulifikaje hapo." Akampa kipaza sauti.

Salumu akaitikia kwa kichwa, kama nilivyomfundisha. Profesa akangoja. Salumu akaitikia tena, akaongeza tabasamu.

"Dokta?"

Akanitazama mimi, akamtazama mzee, uvumilivu ukamwishia. "Shikamoo, mzee wangu. Mimi siwezi kukudanganya. Hayo maneno nilimwambia Mwalimu Neema tukinywa chai. Kuandika kaandika yeye. Mimi udaktari nimeuanza leo saa tatu asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Na Salumu, mnamjua sasa, kimya na kipaza sauti mkononi haviwezi kukaa pamoja, akaanza kwa woga, taratibu, halafu mzuka ukampanda: "Sasa hapa, wazee, stelingi kakamatwa! Mtazameni uso! Anatafuta mlango, mlango hauoni. Anashika kitenge. Anasema moyoni, laiti ningengoja!" Kila neno lilikuwa kweli, maana hata mlango nilikuwa nautafuta kweli. Vijana ndipo wakacheka, na jina likanishika palepale.

Profesa hakucheka. Alikunja kile kitambaa cheupe vizuri, akakiweka mfukoni. "Mama, unajua jarida hili lilikufaje? Lilipungukiwa makala moja. Ningeweza kuiandika mwenyewe nikaweka jina la shemeji yangu, na nani angejua? Nikaona heri life." Akabeba sanduku lake mwenyewe mpaka kwenye gari, mzee wa watu, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Nililia chooni mpaka wanja ukafika kwenye kola.

Nakala mpya zote tukazirudisha stoo. Baada ya wiki mbili nikapata uso wa kwenda Igamba. Nilimkuta anageuza kahawa kwenye vichanja, nikamwamkia, nikaomba radhi, akaitikia akaendelea kugeuza, nami nikaanza kugeuza upande wa pili. Tukamaliza kichanja cha kwanza, tukahamia cha pili, na sijawahi kuteseka vile.

"Sanduku lipo," akasema mwishowe. "Makala ya tano ndiyo haipo."

"Nimtafute nani, Profesa?"

"Nilishampigia Salumu. Anaandika mwenyewe, kwa kalamu, kwa jina lake, bila udaktari. Itasomwa na wawili kama zingine. Kazi yako wewe ni kusubiri. Usimsahihishe, usimharakishe, usimwekee hata nukta."

Sasa ni mwezi wa tano na Salumu yuko ukurasa wa tatu. Nimeapa sitaweka tena jina la mtu juu ya maneno niliyoyaandika mimi, hata jarida likae kaburini milele, na kiapo hicho nakiweza. Kinachonitesa ni hiki cha kusubiri. Jana nilipita kibandani kwake, si kwa kumharakisha, nilikuwa napita tu (kibanda hakiko njiani kwangu). Alikuwa na kalamu sikioni, filamu inaendelea, madereva wamejaa. Akaniona mlangoni, akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Eeeh, wazee! Stelingi karudi. Anataka kuuliza imefika wapi. Mtazameni, anajizuia. Anajizuia..."

Nikageuka nikaondoka bila kuuliza.