Posa ya Sauti ya Rukaya Yaangukia kwa Batuli

Saa tisa alasiri, upepo wa Dodoma unalitingisha bati la kibanda cha video cha Abdulnasiri, mtaa wa Chang'ombe. Ndani watu wamebanana kwenye mabenchi ya mbao. Kwenye kioo, mwanamume aliyevaa nguo za kubana anaingia chumba kitupu, anaongea na ukuta, na ukuta unamtolea mwanamke.

"Karibu," anasema mwanamke huyo, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Nimekungoja."

Sauti haitoki kwenye kioo. Inatoka pembeni, nyuma ya pazia la khanga mbili zilizoshonwa pamoja. Huko Rukaya, mama wa watoto wawili, amekaa kwenye kigoda, viatu amevua, kipaza sauti mkono mmoja na kipande cha limau mkono wa pili. Mwanamume akiongea, Rukaya anaishusha sauti hadi tumboni. Mwanamke akiongea, anailegeza. Chombo cha angani kikipita kati ya nyota, anavuma tu.

Hii ndiyo kazi yake tangu biashara ziliporuhusiwa na deki za video zikaanza kuingia mjini: kuwatafsiria watu picha za Kiingereza papo hapo, zikiwa zinaonyeshwa. Kiingilio ni shilingi mia, na katika kila tiketi kumi, tatu ni zake.

"Kiingereza changu ni cha jikoni," anasema bila haya. "Niliwapikia mainjinia Wazungu kambi ya barabara mpaka barabara ikaisha. Chakula naelewa, matusi naelewa, na mtu akimtaka mtu naelewa. Yaliyobaki naangalia uso wa mtu, najazia."

Pazia alilitaka mwenyewe. Mwanamke aliyeachika kukaa mbele ya wanaume na kipaza sauti, anasema, mtaa ungemmaliza kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo hupitia mlango wa nyuma, na wengi wanaokuja kutoka vijiji vya jirani hawajui hata sura yake.

Picha hii ya chumba kitupu ndiyo iliyomtia kwenye mambo yote yaliyofuata. Ni kipande kimoja cha mfululizo wa televisheni wa huko Ulaya au Marekani, mwenyewe hana hakika. Kilikuja na basi kutoka Dar es Salaam mwaka juzi na kutiwa kwenye deki mchana huohuo. Nafasi ya kukitazama kwanza hakuipata, na huwa haipati.

Tena watazamaji wa Rukaya hawamvumilii mtu asiye na kwao. Mhusika akitokea tu bila ndugu, benchi la mbele litauliza huyu mtoto wa nani. Rukaya amezoea kuwapa wote majina na ukoo mapema, ili watu watulie.

"Nikamwona binti mzuri, mpole, nikawaambia huyu anaitwa Stara, mpwa wa nahodha, kalelewa Kondoa kwa shangazi yake," anasimulia. "Watu wakaridhika. Kijana wa chombo akamtongoza, nami nikatongoza naye, maneno yanakuja yenyewe. Mara binti akamfuata hadi mlangoni, akakanyaga nje, akayeyuka."

Kibanda kizima kiligeukia pazia.

Bibi Dorkasi, muuza karanga aliyetoka Mvumi kuja kukaa na mwanawe, ndiye huwa anauliza kwa niaba ya wote. "We mama wa huko nyuma," alisema, "mpwa wa nahodha kaenda wapi? Na shangazi yake wa Kondoa tumwambie nini?"

Mtu akanong'ona kwamba huyo ni jini. Wawili wakaanza kutafuta ndara zao. Rukaya anasema alijua neno hilo likitoka nje, kesho yake kibanda kitafungwa na Abdulnasiri atarudi kuuza mafuta ya taa.

"Si jini, kaeni," alisema kwenye kipaza sauti. "Nilikosea ukoo. Mashine imemfanya. Ninyi redio mnaisikia kila siku, mnacheka nayo, mnalia nayo. Ndani yake kuna mtu?"

"Hamna," alijibu Bibi Dorkasi. "Sasa kijana anapenda nini, kama hamna mtu?"

"Anapenda anavyojibiwa."

Watu walikaa. Kijana alipoambiwa na wenzake arudi kazini, naye akaizima mashine kwa mkono wake huku akilia, benchi la mbele liligoma. Walitaka amwoe. Abdulnasiri, ambaye hasikii malalamiko bila kusikia tiketi, akakipangia kipande hicho kila Jumamosi.

Jumamosi hizo ndizo zilizomleta Imrani.

Imrani ni mkulima wa zabibu Msalato, mtu wa maneno machache, aliyefiwa na mkewe. Alikuwa amekuja mjini kununua dawa ya mizabibu, akaingia kibandani kukimbia vumbi. Wiki iliyofuata alirudi, dawa hanunui. Halafu akawa wa kila wiki, benchi la ukutani karibu na pazia, baiskeli amemwachia fundi viatu.

"Mke wangu alipoondoka, nyumba ilinyamaza," anasema. "Nikaingia mle nikasikia mtu anasema karibu, nimekungoja. Nilijua ni video. Masikio yalikuwa hayajui."

Akiwa ameamua, alifanya kama anavyofanya mtu mwenye adabu: alituma mshenga. Mzee Shaban, jirani yake wa Msalato, alipewa agizo moja tu, amtafute mwanamke anayesema kwenye video ya Jumamosi, aulize kwao ni wapi.

Mzee Shaban alifika asubuhi, kibanda kimefungwa, nje vijana wanacheza bao. Akauliza mwenye sauti ni nani. Mmoja wao, kwa ukorofi tu, akamwonyesha Batuli aliyekuwa anafagia mlangoni. Batuli ni mkata tiketi, ana miaka ishirini na mitatu, na vijana wa Chang'ombe hugombania kusimama kwenye foleni yake.

Mzee Shaban alimtazama Batuli kwa mbali, akaridhika kwa niaba ya Imrani, akaenda moja kwa moja kwa wazazi wake.

Mtaa mzima ulijua kabla ya adhuhuri. Siku ya posa ilipowadia, mama yake Batuli alikuwa ameazima mikeka ya majirani watatu na kupika pilau. Wageni wa Msalato wakala. Kisha binti akaletwa na sinia la juisi.

"Karibuni," alisema Batuli.

Imrani akaiweka glasi chini. "Siye."

"Siye vipi?" Mzee Shaban alimgeukia. "Wewe si ulisema hujawahi hata kumwona?"

"Sijawahi. Lakini huyu hunikatia tiketi kila wiki. Siye."

Wanaume wakabaki wanatazama mikeka. Batuli mwenyewe ndiye aliyewaokoa, maana alicheka mpaka juisi ikamwagika. "Jamani, mnamtaka da Rukaya," alisema. "Mngeniuliza mlangoni, ningewakatia tiketi."

Mama yake hakucheka. Inasemekana bado akikutana na Mzee Shaban sokoni Majengo humwuliza pilau ilikuwaje.

Rukaya alizipata habari akiwa anachambua mchicha. Watu walidhani atafurahi. Jumamosi ile hakuonekana kibandani, wala iliyofuata, akasingizia mafua.

"Niliogopa," anasema, na sauti yake ya kawaida, yenye mkwaruzo, haifanani sana na ile ya Stara. "Yule wa kwenye kioo ni msichana, hana mtoto, hana hasira, hakatai kitu. Mimi nina arobaini na tatu. Tangu niachike sijapata mtu wa kunisikiliza vile. Nikitoka nyuma ya pazia, nampotezea yule, na mimi hatanitaka. Basi nitabaki bila hata wa kunisikiliza."

Batuli ndiye aliyemkemea. "Da Rukaya, mwenzio alinikataa mimi mbele ya pilau," alimwambia. "Kama anatafuta msichana, si alikuwa mbele yake na juisi?"

Rukaya akatuma salamu Msalato: aje nyumbani Jumapili asubuhi, bila mshenga, bila juisi.

Imrani alikuja mapema kuliko alivyotegemewa. Alimkuta Rukaya uani, khanga imefungwa kiunoni, akigombana na muuza maji aliyemletea dumu lenye tope. Alisimama kwenye ua wa miti akiusikiliza ugomvi wote, hadi muuza maji alipoondoka amenuna na dumu lake.

"Umesikia?" Rukaya alimwuliza.

"Nimesikia."

"Basi sauti yenyewe ndiyo hiyo. Nina watoto wawili, na umri nimekuzidi. Na jibu ni hapana."

Imrani alifikiri kidogo. "Yule wa Jumamosi hajawahi kuniambia hapana," alisema. "Nije tena lini?"

Hapo, anakiri Rukaya, ndipo alipomtolea kigoda.

Alirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Alimrekebishia mlango wa choo. Waligombana pia. Imrani alitaka akimwoa aache kazi, kwa sababu si vizuri mke wa mtu asikilizwe na kibanda kizima.

"Wewe ulinisikilizia wapi?" Rukaya alimwuliza.

Imrani akaomba maji ya kunywa. Suala la kazi halijazungumzwa tena.

Nikaha itafungwa mavuno ya zabibu yakishamalizika, nyumbani kwa kaka yake Rukaya, hukohuko Chang'ombe. Rukaya atahamia Msalato na watoto, na Jumamosi atakuja mjini kwa baiskeli ya mumewe. Anajua madishi yameanza kuota juu ya mapaa ya wenye uwezo, na huenda siku moja watu wakakaa majumbani wakitazama picha bila kumhitaji. Anasema kabla ya hapo angependa kununua deki yake, aweke kibanda Msalato, ambako bado hawana.

Lakini kinachomkosesha usingizi kwa sasa ni siku yenyewe. Kwa wasichana wanaoolewa mara ya kwanza, shehe akija kuuliza idhini, kunyamaza kunatosha. Yeye amewahi kuolewa. Ni lazima atamke kwa mdomo wake, watu wasikie.

"Nimesema kwa niaba ya majambazi, mapolisi, wafalme, hata mbwa," anasema Rukaya, akivaa viatu vyake. "Wote nilikuwa nawatazama midomo kwanza. Siku hiyo hakuna wa kumtazama. Nataka niseme 'nimekubali', na isitoke sauti ya Stara, itoke hii hii yenye mkwaruzo. Imrani anasema yeye ataijua."