Siku ya Kupewa Ziwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa viatu. Nilikuwa nimevaa gauni jipya lililoshonwa Mwanga, mjini Kigoma, na fundi aliyenichelewesha mpaka nikakaribia kulia, na kichwani nilikuwa nimekariri habari zote za Ujiji, misafara, masoko na majumba ya zamani, tayari kuwamwagia wageni. Mkuu wa Waongozaji, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alinitazama akasema, "Wewe kaa hapa mlangoni pa msikiti. Wageni wakivua viatu, vilinde. Usiongee mpaka uulizwe."

Nilikasirika, sifichi. Nimezaliwa na kukulia Kasingirima, humu humu Ujiji, na sisi watu wa huku hatujazoea kuambiwa tunyamaze. Lakini kazi nilikuwa naitaka, na mwanamke kuajiriwa kuongoza wageni wakati ule lilikuwa jambo la watu kusimama njiani kukutazama. Nikakaa kizingitini na viatu vyangu. Wageni walipotoka, mmoja akavaa kiatu cha mwenzake, wakacheka, wakabadilishana. Mkuu hakucheka. Baadaye aliniita pembeni akaniuliza, "Yule mama wa kofia ya ukili, viatu vyake vikoje?" Sikujua. "Ni vya wazi, na kamba ya mmoja imelegea. Jioni atakuwa mlimani na viatu hivyo. Nani atamwangalia?"

Nawaandikia ninyi mnaoifanya kazi hii sasa, simu mkononi na maikrofoni shingoni, mjue ilivyokuwa. Safari yetu tuliiita ya kutwa. Asubuhi ilikuwa nyumba za ibada: msikiti wa zamani wa Ujiji, kisha kanisa, kisha hekalu la Wahindi kule mjini, ambako pia viatu vilivuliwa. Mchana tulikuwa Ilagala, kwenye mdomo wa Malagarasi. Alasiri, tukiwa njiani kurudi, tulipanda mlima ambao juu yake unaliona ziwa lote, na milima ya Kongo imejipanga ng'ambo. Mwongozaji alipanda ngazi kwa mfuatano huohuo. Ulianzia kwenye viatu, ukapelekwa mtoni, na ukijaliwa ukafika mlimani. Wengine walistaafu hawajawahi kuvuka mto.

Mtoni nilimkuta Msimamizi wa Boti, Mha wa Ilagala, mnene, mcheshi, aliyejua kila kiboko alipolala. Huko nilifundishwa kuwa mkia. Mkia ni mwongozaji anayetembea nyuma ya watu wote, na kazi yake ni kuhesabu vichwa kila mnapopanda na kushuka, maana mgeni akipotea hapotei mbele, hupotea nyuma akipiga picha ya ndege. Tulipofika pale maji ya mto, mekundu ya udongo, yanapoingia kwenye maji safi ya ziwa na kukataa kuchanganyika kwa mwendo mrefu, Msimamizi alikuwa na desturi yake. Aliniangalia mimi kwanza.

"Dada Rehema," alisema, "zima maneno, ndipo na mimi nizime injini."

Boti ilielea tu. Kila mtu alisikia matete yakisuguana, vyura wakilia na mtu fulani wa kijijini akimwita mwenziwe kwa mbali. Mimi niliyekuja na hotuba kichwani nilijifunza pale kuwa kuna mahali mwongozaji analipwa kwa kunyamaza. Baada ya hapo tulikula ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, na wageni walioapa kwamba hawali samaki mwenye kichwa walikula na kichwa.

Niliyapenda yale maji. Lakini mlima ndio niliuota.

Chini ya mlima ule aliishi mzee aliyekuwa mteko. Kwa Waha, mteko ndiye mwenye ardhi kwa upande wa mizimu; si mwenye hati wala mwenye kuuza, ila hakuna anayepanda mahali pake bila yeye kukubali. Tukifika kwake, gari lilizimwa mbali. Wageni wote walikaa chini, kwa kuwa kumwamkia mkubwa umesimama ni utovu wa adabu. Mwongozaji alitangulia kupiga makofi, polepole, viganja vikikutana kwa upole, akisema "Mwakeye," salamu ya Kiha, na mzee naye akapiga, akajibu. Kisha akaulizwa alivyoshinda, watoto, ng'ombe, muhogo, mvua. Naye akauliza ya Ujiji, bei ya dagaa, nani kafa, nani kaoa. Wageni walijifunza kupiga makofi bila kufundishwa. Baada ya yote hayo ndipo aliposema "Ego, pandeni," yaani ndiyo, au siku nyingine alisema mlima umelala, na tukageuza gari bila ubishi.

Mara ya kwanza nilipokwenda pale kama mwongozaji, alinitazama muda mrefu.

"Huyu mwana wa Ujiji anapiga makofi kama anapura mahindi," alimwambia Mkuu. "Mwache aje tena. Atatulia."

Nilikwenda nikajifunza kutulia. Hata nyumbani watoto wangu walinicheka, nikiwapigia makofi ya taratibu wakiniamkia.

Sasa niwaambie kuhusu juu. Kule juu kuna mwamba bapa, na mbele ya mwamba ardhi imekatika. Njia ya kupandia inapita kwenye miti, ziwa likiwa mgongoni, kwa hiyo mgeni haoni kitu mpaka anapokanyaga mwamba na kugeuka. Hapo ndipo linapomfikia lote kwa mara moja. Na mwongozaji yuko wapi? Mwongozaji amesimama ukingoni, mgongo kwa ziwa, uso kwa wageni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Mkuu na hakuna aliyeivunja.

"Mgeni akishangaa, miguu inasahau," alinieleza. "Anasogea ili apate picha nzuri, anasogea tena. Macho yako yawe kwenye viatu. Ziwa wewe unalo kila siku kule Ujiji. Yeye analo leo tu."

Basi hapo ndipo nilipoelewa ile kazi ya mlangoni pa msikiti.

Miaka yote niliyofanya kazi mlimani, ziwa la kule juu nililiona kwa kuibia, jicho moja, kama mtoto anayechungulia chungu cha wageni. Nililijua kwa nyuso. Nilimwona mzee mmoja akivua kofia. Nilimwona msichana akiacha kutafuna. Niliona maharusi waliokuwa wamenuniana tangu Ilagala wakishikana mikono bila kuangaliana. Upepo ulinipiga kisogoni na mtandio ukanipepea usoni, nami nikasema yale maneno yangu: kule ni Kongo, kule ndiko Burundi inakoanzia, na wewe kaka wa shati la bluu, rudi nyuma hatua moja. Mtaniuliza kwa nini sikupanda siku ya mapumziko. Siku ya mapumziko nilikuwa na watoto, na nguo za kufua, na mume aliyetaka kumwona mkewe. Tena mteko alikuwa akifungua mlima kwa wageni, si kwa mtu aliyejisikia kutembea.

Lakini tulikuwa na desturi yetu, na ndiyo iliyotuvumilisha. Siku ya mwisho ya kazi, mwongozaji hupewa ziwa. Mwenzake husimama ukingoni badala yake, na yeye husimama juu ya mwamba kama mgeni, uso mbele, akatazama mpaka atakapotosheka. Nilikuwepo Mkuu alipopewa ziwa lake. Mimi ndiye niliyesimama ukingoni. Alitazama kidogo tu, kisha akanigeukia akauliza habari za mgeni wetu wa siku ile, "Yule mama wa viatu vya kamba yuko wapi?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Nilidhani ni ukavu wake uleule.

Toka siku ile nilianza kuingoja zamu yangu. Niliwaza nitavaa nini. Niliwaza kuwa sitasema neno, kama tulivyofanya mtoni, na kwamba nitalia, na sitaona haya. Mtu akichoka na kazi hujipa kitu cha kungojea, na changu kilikuwa hicho.

Mteko akafariki. Alizikwa kwa heshima, na tulikwenda sote, Waislamu kwa Wakristo, Msimamizi wa Boti akilia kwa sauti. Ukoo wake ulisema mlima umelala mpaka wamweke mwingine, na kumweka mwingine si jambo la wiki moja; kulikuwa na ndugu waliohamia Kasulu, kulikuwa na maneno ya hapa na pale. Wakati huo tulikuwa na Meneja mpya, kijana mwenye haraka, si mtu mbaya. Aliniita ofisini.

"Mama Rehema, wageni wamelipia mlima. Mlima hauna mlango. Nani atatuzuia?"

"Hauna mlango, Bwana Meneja, lakini una mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa."

"Basi tusubiri mwenyewe."

"Wewe ndiye mkubwa wa mlimani. Ukipanda wewe, wengine watafuata."

"Ndiyo maana sipandi," nilisema.

Nilijua ninachokikataa. Umri wa kustaafu ulikuwa umeshanibishia hodi, na kama mlima usingefunguliwa ningestaafu bila ziwa langu. Ningeweza kusema ndiyo, nikapanda kesho yake, nikatazama nikashiba. Lakini ningepita kwenye ule uwanja mtupu ambako nilipigishwa makofi mpaka nikatulia, nipite nimesimama, bila kumwamkia mtu? Miguu ingekataa. Meneja alinirudisha Ujiji, kwenye nyumba za ibada. Nikamalizia kazi nilikoianzia, mlangoni pa msikiti, nikiangalia viatu. Siku ya kuniaga walinipa kitenge na keki, wakapiga picha. Niliwashukuru. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango wa chumbani nikalia, na kitenge kile sijakishona mpaka leo.

Uzee wa mwongozaji ni jambo gumu. Miguu imezoea kwenda na haina pa kwenda. Asubuhi najikuta nimeamka mapema kwa ajili ya gari ambalo halinifuati. Nikienda sokoni Mwanga natembea nyuma ya watu wote, binti yangu ananiuliza, "Mama, mbona unabaki nyuma?" Nitamwambia nini? Nazikosa sauti za wageni. Nakosa hata yule mgeni wa kila kundi anayeuliza kama mamba wapo kwa kweli, huku mkono ameutumbukiza majini. Na ziwa, ninalolitazama kila siku nikiwa hapa chini, lilinifanya nione donge, kwa sababu kulikuwa na moja jingine juu ambalo nilikuwa nalidai.

Kisha akaja Yustina. Yustina nilimfundisha mimi kazi. Ni binti wa Kiha, mcha Mungu, mwenye sauti ya kwaya, na sasa ndiye mkubwa wa mlimani. Alinikuta napepeta mchele.

"Shikamoo, Bibi. Mteko mpya amewekwa. Ni mtoto wa dada yake marehemu. Ameniuliza, yule mwana wa Ujiji aliyekataa kupanda yuko hai?"

"Marahaba. Umemwambiaje?"

"Nimemwambia yuko hai ila magoti yamekufa. Akasema nikulete na magoti yako. Kesho nina kundi."

Nilipanda. Nilipumzika kila penye jiwe, na kundi lilinisubiri bila manung'uniko, maana walikuwa watu wa kwetu zaidi: walimu kutoka Kibondo na familia zao, wengi wao hawajawahi kuliona ziwa. Kule chini tulikaa, tukapiga makofi, na mteko mpya, mwanaume wa makamo mwenye macho ya mjomba wake, aliniacha nimalize salamu zote mpaka kwenye muhogo. Halafu akasema, "Ego, Mama. Panda."

Juu, Yustina alisimama ukingoni, mgongo kwa ziwa. Aliwaacha walimu wangoje kidogo kwenye miti, akanishika mabega akaniweka katikati ya mwamba. "Haya, Bibi," alisema. "La kwako."

Nililitazama. Ni kubwa kuliko nilivyoliiba. Milima ya Kongo ilikuwa ya buluu iliyofifia, na kulia kabisa niliona Kigoma yetu, mabati yake yaking'aa, na upande wa kushoto ule wekundu wa Malagarasi ukiingia majini. Machozi yalikuja kama nilivyowaahidi. Nilimshukuru Mungu. Nilikaa nalo, naliangalia, nangoja kile kitu nilichokingoja miaka yote kinishuke moyoni.

Ndipo nikasikia nyuma yangu miguu ya wale walimu ikikanyaga mwamba, na ile pumzi ya mtu anayeliona ziwa kwa mara ya kwanza. Kila mtu huivuta namna yake. Niliisikia na sikuiona, na moyo ukaniuma vibaya kuliko siku ya keki.

Nikageuka.

"Bibi," Yustina aliniita, "ziwa liko huku."

"Najua liliko."

Mbele ya wenzake alikuwepo mama wa Kibondo, mama wa mmoja wa wale walimu, mwenye kanga mbili na kandambili zilizolika kisigino. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Akauondoa, akachuchumaa pale pale, akaanza kulipigia ziwa makofi, polepole, kama anavyoamkiwa mkubwa. Alipomaliza akasimama, akasogea mbele bila kujijua, akasogea tena.

"Mama wa kandambili," nilisema, "rudi nyuma hatua moja." Na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kazini.