Nilimpanda Farasi wa Mama Mutwiri Nikijua Uzito Wangu

Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa nimeoga, nimevaa suti mpya, na sijaonja hata tone la pombe. Kwa hivyo hakuna cha kusingizia.

Mimi nauza viazi huku Timau. Shule niliachia darasa la nne. Nilianza na punda mmoja, leo nina lori tatu na ghorofa ambayo watu wakipita huonyeshana kwa kidole. Hakuna mtu alinishika mkono. Hilo nalisema bila aibu.

Sisi wa viazi tuna mtindo wa lumbesi. Gunia likijaa unashonea wavu juu, unaongeza viazi mpaka linaota kichwa. Mkulima akilalamika unamwambia gunia bado lina nafasi. Hata punda wangu nilimpakia hivyo. Akisimama njiani nilisema ni ukaidi, nikamchapa, akaenda. Nikazoea kuamini hakuna mzigo usioweza kuongezwa kidogo.

Sasa binti yangu, nimwite Kendi, akaposwa na kijana wa Embu. Tukasikia wakwe watakuja na magari kumi meupe, yote ya aina moja. Nikaona hapana, hawa hawawezi kunifunika kwangu.

Nikaenda kwa Mama Mutwiri, mjane jirani yetu. Baba yake alikuwa saisi, mtunza farasi katika shamba kubwa la ngano, na alimwachia farasi jike mmoja wa kahawia. Kila Jumapili Mama Mutwiri alipandisha watoto juu yake uwanjani kwa ada ndogo, na kwa kazi hiyo aliwasomesha wake.

Habari ya malipo hakuitaja. Aliuliza, "Anayepanda ni nani?"

Nikasema ni Kendi, kutoka lango letu mpaka kanisani. Akauliza kilo za Kendi. Akanieleza kwamba farasi wake umri umeenda na mgongo umelegea, hapandwi na mtu wa kupita kilo sabini, na tandiko liko ndani ya hesabu hiyo. Kisha akaniangalia tumbo.

"Wewe Baba Kendi ungehitaji wawili, na tuwafunge pamoja."

Tulicheka, akakubali kumleta. Lakini wiki ile ile mizani yangu ya viazi ilikuwa imenionyesha kilo mia moja ishirini na saba. Nilijua! Nikajiambia, punda alibeba gunia na kichwa chake, na huyu farasi ni mkubwa mara mbili ya punda.

Asubuhi ya arusi, magari ya Embu yakajipanga langoni yakimetameta. Kendi nikamwambia aende na gari, gauni lisije likachafuka. Mama Mutwiri nikamwambia kina mama wanamngoja jikoni anywe chai. Hakuna aliyekuwa anamngoja. Akaniachia kamba. Nikageuza kreti ya soda, nikapanda.

Farasi aliguna. Akalaza masikio nyuma, akapanua miguu yake ya nyuma. Jamani, mimi nikadhani ananipa heshima! Alipokataa kusonga nikampiga kwa visigino, kama nilivyozoea na punda. Akaenda. Kina mama wakapiga vigelegele, wakwe wakatoa simu kupiga picha, na mimi nikawapungia mkono kama gavana.

Kupanda kilima alikuwa analowa jasho. Karibu na kanisa kuna mtaro, na pale pa kuuvuka miguu ya nyuma ikakunjika, akakaa chini kama mbwa. Mimi niliteleza nikaangukia nyasi. Sikupata hata mkwaruzo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kendi alishuka kwenye gari mbio, akapiga magoti kwenye matope na gauni lake jeupe, akashika kichwa cha farasi. Nikamwambia ainuke, wakwe wanaangalia.

Akasema, bila kuinua macho, "Baba, aliposimama pale nyumbani, si ulimpiga?"

Nikajipangusa nyasi kwenye suti.

Mama Mutwiri alifika na kikombe bado mkononi. Hakunitukana. Alimpapasa farasi mgongo polepole, na alipogusa kiuno farasi akatetemeka mwili mzima. Daktari wa mifugo alisema ataishi na atatembea, lakini hatabeba mtu tena, hata mtoto wa chekechea.

Arusi iliendelea. Kendi aliingia kanisani na matope magotini, ameshika mkono wa mjomba wake. Si wangu. Zile hatua chache mpaka mbele ya mchungaji, hata ningeuza lori zote nisingezirudisha.

Nilimpelekea Mama Mutwiri ng'ombe wa maziwa. Alimpokea, akafunga lango. Jumapili napeleka nyasi. Farasi akisikia sauti yangu huenda kona ya mwisho ya ua, na nyasi zenyewe hazigusi mpaka niondoke. Zile nyavu za lumbesi nilizichoma. Vijana wa lori wakaulizana kama nimeokoka.

Wewe unayesoma, kabla ya kumpanda mnyama au kumpakia, mwambie mwenye mnyama kilo zako za ukweli. Akikataa, kubali. Na mnyama akiguna, shuka, hata kama arusi nzima inakutazama!

Kutoka lango langu mpaka kanisani ni dakika kumi kwa miguu. Ningemshika binti yangu mkono, tukatembea.