Mwalimu Asomaye kwa Kidole

Juma lililopita, katika stesheni ya Nakuru, nilimwona mzee amesimama mbele ya kibao kinachoonyesha behewa liendako, akichora herufi pajani kwa kidole. Mkewe alikuwa kando yake, akimsubiri. Filimbi ya kwanza ilikuwa imekwisha kulia.

"Mama, si umwambie tu kilichoandikwa?" nikamwuliza.

"Ngoja asome," akajibu.

Akanieleza kwamba mumewe alikuwa mwalimu huko Kuresoi, kisha akapigwa na kiharusi. Mkono ulirudi, maneno yakarudi, lakini maandishi yakawa kwake kama alama za miguu ya kuku. Daktari alisema macho hayana kasoro. Herufi ndizo zilizompotea. Basi kila jioni mama humshika kidole wachore pamoja, mpaka kidole kikumbuke kile ambacho macho yamesahau.

"Nilipoolewa sikujua hata herufi a," akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha, na hakuniharakisha."

Mzee akageuka, uso umejaa tabasamu. "Molo," akasema. "Ndilo letu."

Wakapanda taratibu, wameshikana mikono. Mimi humaliza gazeti zima kabla chai haijapoa, lakini sikumbuki kama nimewahi kusoma neno hata moja kwa furaha ile.