Sauti Moja ya Watu Sita

Majirani walimwita Kasuku, na wala hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kurudia maneno ya watu wengine. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, mtoto wa mama kiziwi, aliyejua kuomba maziwa kwa vidole kabla hajajua kuyaomba kwa mdomo. "Kulia kwa kelele nilijifunzia kwa jirani," alizoea kutania. "Kwetu nani angenisikia?" Mama mwenyewe alishakufa, lakini mikono alimwachia.

Chama cha viziwi kilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la rangi, na wakalimani wanne. Kiziwi akiugua, akikamatwa, akiitwa mahakamani, mmoja wa hao wanne anaongozana naye. Kadi ya chama, yenye picha na muhuri, ndiyo iliyowafungulia milango ya wodi na vituo vya polisi. Mishahara ilitoka kwa wafadhili wa nje. Wa ndani, tusidanganyane, walikuwa wakija kupiga picha.

Sharti la kazi ni moja: huongezi, hupunguzi. Kiziwi akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Akilia, unalitamka hilo analolilia. Kasuku aliwahi kumwambia hakimu mzima, kwa niaba ya mteja wake, "Unanichosha," akaponea chupuchupu kulala ndani.

Ndipo serikali ikaleta muswada wa kusimamia mashirika. Kila shirika linalopokea fedha za nje lisimame, liombe kibali upya, lisubiri. Wakati wa kusubiri yangeendelea yale tu ambayo kamati ya bunge itayaandika kwenye orodha ya huduma za lazima. Chama kilitaka kuingia kwenye orodha hiyo, hakikutaka kingine.

Aliyekuwa na haraka kuliko wote ni fundi cherehani mmoja, kiziwi tangu utotoni, mwenye mimba ya miezi saba. Mimba yake ya kwanza alikwenda kujifungua peke yake, Kasuku akiwa mahakamani na mteja mwingine. Mkunga alikuwa amevaa barakoa. Alimkataza kusukuma kwa sababu njia haijafunguka, na fundi, aliyeona macho makali tu juu ya kitambaa, akadhani anaharakishwa. Akasukuma kwa nguvu zake zote. Mtoto alitoka amechoka, na jioni hakuwepo tena. Kwenye faili wakaandika kwamba mgonjwa ni mkaidi.

"Safari hii usiponisimamia, sitoki nyumbani," fundi alimwambia kwa mikono.

"Nitasimama kichwani pako," Kasuku akajibu, akaweka kiganja kifuani. Kwa viziwi wa pale, hicho ni kiapo.

Siku ya kutoa maoni, ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Kila mtu alipewa dakika tatu. Viziwi walikuwa sita, na mmoja wao, katibu wa chama, mzee asiyependa mchezo, akamwonya Kasuku mapema: "Usipoteze dakika kututambulisha. Majina tumeshaandika mlangoni."

Kasuku akashika kipaza sauti, akaanza. Alikuwa fundi cherehani aliyezika mtoto. Alikuwa msukuma mkokoteni aliyekaa mahabusu siku nne bila kujua kosa lake. Alikuwa mjane, alikuwa baba wa watoto wanne, alikuwa mwanafunzi, na mwisho alikuwa katibu. Hakupumzika hata kumeza mate.

"Mama," mwenyekiti wa kamati akamkatiza, "wewe kiziwi mbona unanisikia?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Kasuku akalitafsiri swali, na fundi akajibu kwa utulivu, naye akalitamka jibu kama lilivyo: "Sikusikii. Ninakuona tu unavyocheka." Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akainamisha kichwa, akasema pole, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaandika kitu. Walitoka wakipongezana. Fundi alimnunulia Kasuku soda, akamwambia amesema vizuri.

"Umesema wewe," Kasuku akamjibu.

Ripoti ilitoka baada ya wiki tatu. Kasuku aliisoma kwenye simu akiwa kwenye ngazi za chama, akaketi palepale. Ilikuwa imeandikwa na watu ambao hawakuwepo ukumbini, waliopewa kinasa sauti na kuambiwa waandike wanachosikia. Na kinasa sauti hakioni mikono.

"Mtoa maoni mmoja wa kike," ilisema ripoti, "alijieleza kuwa ni kiziwi, fundi cherehani, msukuma mkokoteni, mjane, mwanafunzi na baba wa watoto wanne. Alisikia maswali bila shida. Kamati haikuona sababu ya kuyapa maoni yake uzito."

Alisoma mara mbili. Kama angemwambia mtu mwingine, mtu huyo angecheka, na yeye mwenyewe nusura acheke. Watu sita walitoa ya moyoni, na yeye ndiye aliyewafuta, kwa kuifanya kazi yake sawasawa.

Alikwenda ofisi ya kamati. Karani alimsikiliza vizuri tu, mtu mwenye adabu zake, akafungua kabati, akaitoa ile karatasi ya majina ya mlangoni. "Hii ilikuwa ya kuhesabia chupa za maji, dada," akasema.

"Basi rekebisheni. Mnaona wenyewe, watu ni sita."

"Marekebisho yanapokelewa ndani ya siku saba tangu ripoti iwekwe mezani. Iliwekwa kabla haijatolewa kwa umma, na leo ni ya tisa."

"Kaka, kuna mtu atajifungua."

"Nakuelewa. Lakini mimi nitaiandika wapi?" Na kwa kweli alionekana kusikitika, jambo lililomuudhi Kasuku kuliko kama angefukuzwa.

Muswada ukapita. Orodha ya huduma za lazima haikuwa na chama cha viziwi. Polisi wawili walipanda ngazi juu ya duka la rangi, wakakusanya muhuri, faili na kadi nne, wakamsainisha katibu. Wakalimani wote wanne wakamwaga unga siku moja.

Ujumbe wa fundi ulifika saa tatu asubuhi: "Chupa imepasuka. Mume wangu amenileta hospitali. Uko wapi?" Kasuku aliacha nguo kwenye beseni la sabuni, akakimbia na kandambili.

Mlinzi wa wodi ya wazazi alikuwa wa siku zote, aliyezoea kumtania. Leo hakutania.

"Kadi, Kasuku."

"Unajua kadi zimechukuliwa."

"Najua. Na sisi tumepewa barua. Wa mashirika yaliyosimamishwa haingii."

"Basi mimi ni dada yake."

"Ndugu wanaingia saa kumi. Hata mumewe yule pale, amekalishwa kwenye benchi." Akashusha sauti. "Dada yangu, nina watoto. Usiniponze."

Alimwomba, akapiga magoti kwenye sakafu mbele ya watu, mlinzi akageuza uso ukutani. Hapo Kasuku akainuka, akazunguka nyuma ya jengo, penye mapipa ya taka na kamba za kuanikia mashuka. Madirisha yalikuwa juu, vioo vyake vimepakwa rangi nyeupe, na matundu ya hewa yamewekwa karibu na dari. Alipanda kwenye tofali. Hakuona kitu.

Lakini alisikia. Alisikia vyuma vikigongana kwenye sinia, viatu vikienda mbio, kisha sauti nzito ya fundi, sauti isiyojijua, ikipanda. Halafu mkunga:

"Usisukume! Mama, bado! Usisukume!"

Kasuku akainua mikono mbele ya ukuta, akasema kwa vidole: usisukume, bado, pumua. Akarudia. Mkunga akapiga kelele tena, kwa nguvu zaidi, na sauti ya fundi ikajikusanya kama ya mtu anayeinua gunia zito.

"Jamani, huyu mama mkaidi!" mkunga akasema.

Kasuku aliendelea kutafsiri.